Kadi Isiyo na Meno: Mwongozo wa Kuokoa Gego kwa Bima Finyu

Umeuma kijiwe ndani ya maharage na pembe ya gego imetoka. Ulimi haubanduki hapo palipomeguka. Mfukoni una kadi ya bima yenye picha yako, na katika kijitabu chake, baada ya kurasa za kulazwa, kujifungua na miwani, kuna mistari michache ya meno: kikomo cha mwaka, kisha orodha ndefu ya visivyolipwa. Kabla hujamaliza kuisoma, ushauri wa bure umeshafika. Jirani wa meza kazini anasema ling'oe upumzike. Shangazi anasema sukutua maji ya chumvi. Muuza dawa wa mtaani hasemi kitu. Ameshakufungia vidonge kwenye karatasi.

Mwongozo huu ni wako, na kanuni yake ni moja: jino ndilo linaloamua matibabu, kadi inaamua tu nani alipe, kiasi gani na lini. Watu wengi hupindua utaratibu huo. Huanza kwa kuuliza kadi inalipa nini, hujibiwa "kung'oa", nao hung'oa. Gego lililoota wakiwa na miaka 6 hutolewa asubuhi moja kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya vinavyolipwa. Huo si uamuzi wa kitabibu, wala si wa kifedha. Ni uzembe uliopigwa muhuri.

Hatua ya 1: Hakikisha una muda wa kuamua

Kabla ya hesabu zozote, jitazame kwenye kioo. Je, shavu limevimba na uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni? Mdomo haufunguki vizuri, kumeza kunauma, sauti imebadilika, homa imepanda, pumzi inakwama? Basi acha kusoma, nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usaha wa jino unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni ukaziba njia ya hewa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaua watu walioanza na gego moja tu lililooza. Anayebaki nyumbani akingoja Jumatatu ili kadi ihakikiwe anaweka roho rehani kwa ajili ya karatasi. Wajawazito, wenye kisukari na wenye kinga dhaifu wasipuuze hata uvimbe mdogo.

Kama dalili hizo hazipo, una siku kadhaa, pengine wiki chache. Mwaka huna. Anayetafuna upande mmoja tangu Ramadhani iliyopita hana uvumilivu wa kujisifia. Amewapa bakteria nafasi ya kufika kwenye mzizi, na bili inakua pamoja nao.

Hatua ya 2: Tuliza maumivu bila kuongeza jeraha

Antibayotiki haitibu jino linalouma. Dawa hiyo husafiri kwa damu, na kiini cha jino kikishakufa hakina tena mishipa ya damu ya kuifikisha ndani. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliwashauri madaktari wasiwaandikie antibayotiki watu wazima wenye afya nzuri kwa maumivu mengi ya jino, pale ambapo jino lenyewe linaweza kutibiwa. Kazi yake ipo pale maambukizi yanaposambaa na homa kuingia, na hapo anayeandika ni daktari. Amoksilini ya vidonge vinne bila cheti inakula pesa yako na kuwafundisha bakteria ukaidi.

Aspirini humezwa, ukiibana kwenye ufizi inauunguza, na sasa una vidonda viwili. Parasetamoli na ibuprofeni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, hutuliza maumivu ya jino vizuri, na kwa mtu mzima mwenye afya zinaweza kutumika pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au ujauzito aikwepe ibuprofeni mpaka aulize.

Karafuu inastahili heshima yake. Mafuta yake yana yujinoli, kemikali inayotia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kupata dawa ya kuziba jino kwa muda. Ile harufu inayokupokea mlangoni mwa kliniki nyingi za meno ni ya zao la Pemba na Unguja. Tone moja kwenye pamba, liguse jino, lisimwagikie ufizi. Litakupa saa chache za kulala. Tundu halitazibika, na ufa hautaungana.

Hatua ya 3: Lipia uchunguzi kabla ya kulipia matibabu

Anayepiga simu kliniki na kuuliza, "Kutibu mzizi ni shilingi ngapi?" anaulizia bei ya kitu asichojua kama anakihitaji. Pesa ya kwanza, iwe ya kadi au ya mfukoni, iende kwenye uchunguzi na eksirei ndogo ya jino hilo.

Uchunguzi makini una mambo yanayoonekana, nawe uyaangalie. Daktari anachukua pamba iliyopozwa sana. Anaigusisha kwanza kwenye jino zima la jirani, ili ujue baridi ya kawaida ikoje, ndipo anaigusisha kwenye gego lako huku akihesabu sekunde. Ubaridi ukikuchoma kisha ukaisha mara moja, kiini bado ki hai na kinaweza kupona. Maumivu yakibaki na kupwita baada ya pamba kuondolewa, au kama yamekuwa yakikuamsha usiku bila kuguswa, kiini kimewaka kiasi cha kutojirudi. Usiposikia chochote, huenda kimekufa. Kimya hicho kisikufurahishe. Baadaye anagonga jino kwa mpini wa kioo chake: likiuma, huenda tatizo limefika kwenye ncha ya mzizi. Mwisho anakuomba uume kijiti kwa pembe mojamoja ya gego. Maumivu makali unapoachia ni dalili ya ufa, na ufa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, hivyo kliniki inayokusomea picha tu bila kukuomba uume kijiti imekupa nusu ya uchunguzi.

Kwenye faili ataandika namba, tuseme 46. Tarakimu ya kwanza inataja robo ya kinywa, ya pili inataja nafasi ya jino kuanzia katikati. 46 ni gego la kwanza la chini kulia, 36 ni mwenzake wa kushoto. Ni utaratibu wa Shirikisho la Kimataifa la Meno, FDI, lililoanzishwa Paris mwaka 1900. Ikariri namba yako. Itakwenda kwenye fomu ya madai na kwenye barua ya idhini. Fomu yenye namba isiyo sahihi hurudishwa. Jino lililong'olewa kimakosa halirudi.

Hatua ya 4: Ulizia milimita 2

Swali kubwa kuliko yote ni hili: jino linaokoleka? Jibu lake haliko kwenye bei, liko kwenye jino gumu lililobaki juu ya ufizi. Kofia, yaani gamba la chuma au kauri linalofunika jino lote, inahitaji kushika ukingo wa jino zima wenye kimo cha takriban milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote. Pakiwa na ukingo huo, jino lina maisha marefu mbele yake. Mvunjiko ukiwa umezama hadi kwenye mfupa, au mzizi ukiwa umepasuka kwa urefu, hakuna fundi duniani wa kuliokoa, na kila shilingi inayowekwa kwenye mzizi wake imetupwa.

Sema hivi, kwa adabu na bila woga: "Daktari, naomba unioneshe kwenye eksirei jino zima linaishia wapi." Daktari anayekuheshimu atakugeuzia kioo cha kompyuta na kukuonesha kwa kalamu. Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, mshukuru, omba nakala ya eksirei yako, ukatafute maoni ya mwingine. Nauli ya daladala kwenda kliniki ya pili ni ndogo mno ukiilinganisha na kosa la hapa.

Hatua ya 5: Taka orodha yote ya njia

Mgonjwa wa bima finyu hupewa njia mbili: ya bei kali na ya koleo. Njia ni nyingi zaidi, na una haki ya kuzisikia zote, ikiwemo ya kungoja na hatari zake.

Tundu likiwa dogo na kiini ki hai, linazibwa. Hapa Afrika Mashariki ina jambo la kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ndiko ilikoanzia mbinu ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kutoboa wala umeme: daktari anakwangua sehemu laini iliyooza, kisha anaziba kwa saruji ya glasi-ayonoma inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa mengine, na mbinu hiyo inajulikana duniani kwa kifupi cha ART. Inafaa zaidi kwa tundu dogo la upande mmoja. Kwa gego lililopoteza pembe nzima haitoshi, na mganga wa kijijini anayeijua vizuri atakuambia hivyo mwenyewe.

Pembe ikiwa imemeguka lakini kiini ni kizima, jino linaweza kujengwa upya kwa dawa ngumu yenye rangi ya jino, inayofunika pembe zote zilizo dhaifu. Gharama yake kwa kawaida iko chini ya kofia, na kadi nyingi huihesabu kuwa ni kuziba.

Kiini kikiwa kimewaka lakini hakijafa, kuna njia ambayo wengi hawaisikii: kuondoa kiini cha sehemu ya juu tu, kuacha kile cha ndani ya mizizi kikiwa hai, na kukifunika kwa saruji maalumu. Zamani ilikuwa kazi ya meno ya watoto. Chama cha Ulaya cha matibabu ya mizizi mwaka 2019, na kile cha Marekani mwaka 2021, vilitoa misimamo inayoikubali hata kwa meno ya watu wazima yanapochaguliwa kwa makini. Huchukua muda mfupi zaidi kuliko kutibu mzizi wote. Iulizie kwa jina lolote daktari atakaloelewa.

Kiini kikiwa kimekufa, au hakijirudi kabisa, ni kutibu mzizi. Gego la chini huwa na mizizi miwili na kwa kawaida mifereji mitatu, wakati mwingine minne; kila mmoja unasafishwa kwa sindano nyembamba zenye makali, unapimwa urefu, unaoshwa, unajazwa. Halafu kofia. Na kofia si pambo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvishwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovishwa. Kutibu mzizi wa gego lililovunjika kisha kuacha kofia ni kujenga nyumba hadi kwenye lenta na kugoma kuezeka.

Na mwisho ni kung'oa. Nako kunahitaji kufikiriwa kwa uzito uleule.

Hatua ya 6: Hesabu kung'oa hadi mwisho wake

Kung'oa huonekana rahisi kwa sababu watu huacha kuhesabu pale damu inapokauka. Endelea kuhesabu. Ndani ya mwaka 1, upana wa mfupa pale palipokuwa na gego hupungua kwa takriban nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Jino la nyuma huanza kuinamia pengo. Jino la juu lililokuwa likikutana na lile lililotoka huanza kushuka. Miaka michache baadaye, mtu anayetaka kuziba pengo anakuta nafasi imebanwa na mfupa umekonda.

Njia za kuziba pengo ni tatu. Jino bandia la kuvaa na kuvua ni nafuu na linasumbua. Daraja linashikilia jino la bandia kwa kuchonga meno mawili ya jirani, hata kama ni mazima kabisa. Skurubu ya titani inayopandikizwa kwenye mfupa, kazi aliyoianzisha kwa binadamu daktari Msweden Per-Ingvar Brånemark mwaka 1965, ndiyo bora kwa wengi na ndiyo ghali kuliko zote. Bima zinazolipa kung'oa kwa mkono mmoja huandika vyote hivi vitatu kwenye orodha ya visivyolipwa kwa mkono wa pili. Wazee walishasema jino la pembe si dawa ya pengo; siku hizi si dawa na halimo kwenye kadi.

Chukua bei za mfano. Tuseme kikomo chako cha meno ni shilingi 500,000 za Tanzania kwa mwaka. Uchunguzi na eksirei 40,000, kutibu mzizi 300,000, kujenga jino 80,000: kadi imemaliza 420,000. Kofia 450,000 haimo kwenye kadi, inatoka mfukoni. Inauma. Sasa upande wa pili: kung'oa 50,000, kadi inalipa, unaondoka bila kutoa hata senti. Ukitaka daraja la sehemu tatu mwaka ujao kwa bei hiyohiyo ya kofia, ni 1,350,000, zote zako. Bei za kliniki yako zitakuwa tofauti. Andika za kwako katika nafasi hizo, na jumlisha safu zote mbili mpaka chini.

Kuna watu ambao baada ya hesabu hiyo kung'oa ndiko sahihi. Jino lisilookoleka litoke. Gego la mwisho lisilokutana na mwenzake litoke. Na mtu ambaye hana kabisa pesa ya kofia, ana meno mengine imara, na anakubali kuishi na pengo, anaweza kung'oa kwa heshima yake yote. Sayansi iko upande wake: utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba watu waliopoteza magego kadhaa waliweza kutafuna vya kutosha mradi meno ya kabla ya magego yawe yametimia na angalau jozi moja ya magego iendelee kukutana. Pengo moja si msiba. Msiba ni pengo ambalo mtu hakulichagua, alilotumbukia kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna njia nyingine.

Hatua ya 7: Kisome kijitabu cha bima mstari kwa mstari

Usimuulize mtu wa mapokezi kama "kadi inakubali". Kadi inaweza kukubali mlangoni na kukataa kwenye dawa ya kuziba. Mpigie simu mtoa bima, au afisa utumishi wako, na kalamu mkononi, umuulize haya.

Kikomo cha meno ni cha mtu mmoja au cha familia yote? Mwezi uliopita watoto walizibwa mangapi, na kimebaki kiasi gani leo? Mwaka wa bima unaanza Januari, au tarehe mwajiri aliyosaini mkataba? Kuna kipindi cha kusubiri kwa matibabu ya meno, na umekimaliza? Kutibu mzizi kunalipwa kwa magego au kwa meno ya mbele tu? Kofia haipo kabisa, au ipo jino likivunjika kwa ajali? Swali hili la mwisho usilipuuze: mikataba mingine huweka jeraha la ajali katika fungu tofauti na fungu la meno, na jino lililovunjika kwa kuanguka kwenye bodaboda linaweza kulipwa huko. Sema ukweli kuhusu kilichotokea. Maharage hayageuki bodaboda.

Omba idhini ya awali kwa maandishi, yenye namba ya jino, jina la matibabu na kiasi. Neno la simu halilipi bili. Ukikataliwa, omba sababu iandikwe, umpe daktari wako aijibu kwa eksirei na maelezo mafupi. Madai mengi hukataliwa kwa sababu fomu ilijazwa kwa haraka, na hayo hurekebishika.

Kisha panga kalenda. Ikiwa mwaka wa bima unaisha baada ya wiki kadhaa, inawezekana mzizi ukatibiwa na jino kujengwa sasa, na kazi iliyobaki ikaingia kwenye kikomo kipya. Daktari akubali kwanza kwamba jino linaweza kungoja, na lifunikwe imara wakati huo. Kiini kinachooza hakiangalii tarehe ya mkataba.

Hatua ya 8: Punguza gharama panapopunguzika

Bei huzungumzwa. Kliniki nyingi zitakubali kofia ilipwe kwa awamu ukisema mapema, kabla ya kukaa kwenye kiti na mdomo umejaa ganzi. Gego la nyuma kabisa halihitaji kauri ya rangi ya lulu. Kofia ya chuma hudumu na mara nyingi ni nafuu, na hakuna atakayeiona isipokuwa daktari. Hospitali za kufundishia, kama kliniki za meno za Chuo Kikuu cha Muhimbili jijini Dar es Salaam na za Chuo Kikuu cha Nairobi, hutibu kupitia wanafunzi wanaosimamiwa na wahadhiri wao. Utakaa muda mrefu zaidi kwenye kiti, na kila hatua itakaguliwa na macho mawili ya ziada.

Kuna vitu vitatu visivyopaswa kupunguzwa. Cha kwanza ni eksirei ya kabla na ya baada ya kutibu mzizi. Bila hiyo hakuna anayejua kama mifereji imejaa. Cha pili ni ule mpira mwembamba unaotandazwa juu ya jino wakati wa kutibu mzizi, ili mate yenye bakteria yasiingie mfereji unaosafishwa. Uulizie, na kama kliniki haina, ulizia kwingine. Cha tatu ni mfuniko wa mwisho. Anayekuuzia mzizi wa bei poa kwa kuondoa vitu hivi vitatu anakuuzia jino lile lile mara mbili.

Hatua ya 9: Amua, uandike tarehe

Dawa ya muda ina jina linaloeleweka, na bado kuna watu wanaoibeba miaka miwili mpaka jino linapasuka katikati ya pilau ya harusi. Maumivu yakiisha baada ya ziara ya kwanza, kazi haijaisha. Kimeisha kilichokuwa kikikukumbusha. Kabla ya kutoka kliniki, weka miadi ya ziara inayofuata, iandike kwenye simu, umwambie mtu mmoja wa nyumbani atakayekuuliza. Tenga pesa ya kofia kuanzia mshahara huo, hata kama ni kidogo kidogo.

Na ukiamua kung'oa, amua yote: uliza kama pengo litazibwa au litaachwa, na kama litazibwa, kwa kipi na lini, kwa sababu mfupa hautakungoja.

Hatua ya 10: Ipeleke hoja kazini

Hatua hii huachwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayomsaidia yule atakayeumwa baada yako. Kikomo cha meno hakikushuka kutoka mbinguni. Kilijadiliwa mezani, kati ya mwajiri na kampuni ya bima, na hujadiliwa upya mkataba unapohuishwa. Kwenye meza hiyo mara nyingi hakuna hata mtu mmoja anayesema kwamba kulipa kung'oa na kukataa kofia kunawafanya wafanyakazi wapoteze meno yaliyokuwa yanaokoleka.

Serikali nazo zinajadili. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Kenya iliuondoa mfuko wake wa bima, NHIF, na kuweka Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanawasumbua watu karibu bilioni 3.5, na mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limeiingiza saruji ya glasi-ayonoma na dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kinywa kimeshakubaliwa kuwa sehemu ya mwili. Vifurushi vya bima vinapaswa kuandikwa hivyo.

Andika barua fupi kwa idara ya utumishi, itiwe saini na wenzako. Ombeni mambo matatu: uchunguzi na kusafishwa meno kila mwaka bila kuhesabiwa kwenye kikomo, kofia ilipwe, hata kwa kuchangia nusu, pale ambapo mzizi wa gego umetibiwa, na kikomo cha watoto kitenganishwe na cha wazazi, ili mama asiache jino lake lioze kwa sababu mtoto alizibwa mawili. Kila ombi kati ya hayo linaweza kupewa bei na kampuni yoyote ya bima, na mwajiri akaijua kabla ya kusaini.

Ulizia leo mkataba wenu unahuishwa lini. Kisha piga simu kliniki, uweke miadi ya uchunguzi wa gego lako wiki hii.